Mizani Ndiyo Inayokwenda

SAFU YA WASOMAJI: MASWALI NA MAJIBU

Barua ya kwanza

Dada mwandishi wa safu hii,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Mkomani, Lamu, na umri wangu ni miaka 62. Binti yangu wa pekee anasomea ufundi wa taa za jukwaani huko Ufaransa, na mwaka huu, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, nimepata viza ya kwenda kumtembelea. Ameshanikatia tiketi ya opera inayoitwa Einstein on the Beach. Aliponieleza habari hiyo kwenye simu, sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu marehemu baba yake alipotutoka, kwani anasema kazi hiyo ndiyo iliyomfanya achague fani yake.

Nilimwuliza hadithi yake ni ipi, akasema haina hadithi. Nilimwuliza inachukua muda gani, akasema inakaribia saa tano na hakuna mapumziko. Nilimwuliza wanaimba nini, akasema, "Mama, wanaimba nambari."

Dada yangu, sijawahi kuingia katika jumba la opera maishani mwangu. Nimezoea kusikiliza tenzi na kasida, na vugo la harusi nimelipiga tangu usichana wangu. Nitakielewaje kitu kisicho na hadithi? Nina ugonjwa wa sukari, kwa hiyo siwezi kukaa saa tano bila kutia kitu tumboni, na sala ya magharibi huenda ikanikuta humo ndani. Nikisinzia, je, nitamwaibisha mtoto mbele za watu? Na lililo kubwa kuliko yote: ikiwa sitaipenda, nimwambie nini?

Mwalimu wa Mkomani

Jibu

Wa alaykum salaam, Mwalimu, na shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu maswali yako niliwahi kuyabeba mimi mwenyewe. Mwezi wa Mei 2012 nilikuwa London nyumbani kwa kaka yangu, na wifi yangu akanichukua kwenda kuiona opera hiyo hiyo katika ukumbi wa Barbican. Sikuwa na mtu wa kunieleza lolote kabla ya kuingia, na saa nzima ya mwanzo niliipoteza. Sipendi wewe uipoteze ya kwako.

Nianze na watu walioitunga. Muziki ni wa Philip Glass, aliyezaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1937. Picha za jukwaani, mwendo wa wachezaji na taa ni kazi ya Robert Wilson, mzaliwa wa Texas wa mwaka 1941, ambaye alifariki mwaka 2025. Walikuwa wakikutana kwa chakula cha mchana siku za Alhamisi huko New York, wakitafuta mtu mmoja mashuhuri wa kujengea mchezo. Wilson alitaja majina ya Chaplin na Hitler, Glass akamtaja Gandhi, na mwisho wakakubaliana juu ya Albert Einstein. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Avignon, huko huko Ufaransa uendako, tarehe 25 Julai 1976, na mwezi wa Novemba mwaka huo ikafika Metropolitan Opera ya New York, ambako tiketi zilikwisha. Hata hivyo gharama zilishinda mapato, na Glass, ambaye alikuwa akijikimu kwa kuendesha teksi, alirudi kwenye usukani wake.

Kwa nini Einstein, na kwa nini bila hadithi? Sababu yao ni nyepesi kuliko unavyodhani: mtu anayejulikana na kila mtu hahitaji kusimuliwa. Mghani wa utenzi wa Lamu haanzi kwa kuwaeleza wasikilizaji Makka iko wapi. Anajua wamekuja nayo kifuani. Vivyo hivyo watunzi hawa waliamini kwamba kila mtazamaji ataingia ukumbini na Einstein wake mwenyewe: mzee wa nywele timtim aliyependa kupiga fidla, kijana wa mwaka 1905 aliyegundua kwamba wakati haukimbii sawa kwa kila mtu, au mwanasayansi ambaye mlinganyo wake ulikuja kuhusishwa na bomu la atomiki. Basi wao wakaziweka picha tu. Utaona gari la moshi, kwa sababu Einstein alizoea kutoa mfano wa gari la moshi alipoeleza nadharia yake. Utaona mahakama yenye kitanda kikubwa katikati. Utaona uwanja wa wacheza dansi na chombo cha angani kwa mbali. Picha hizo tatu zinarudi, kila mara zikiwa zimebadilika, katika sehemu nne za opera, na kati ya sehemu na sehemu kuna vipande vifupi vitano ambavyo Wilson aliviita magoti, kwa maana ya viungo vinavyoshikanisha mfupa na mfupa. Mpiga fidla aliyevalishwa kama Einstein huketi peke yake baina ya jukwaa na wanamuziki, na ukipotea, mtazame yeye, nawe utajikuta umerudi nyumbani.

Sasa nije kwenye nambari, kwa kuwa hapo ndipo moyo wa jambo hili ulipo, na hapo ndipo ualimu wako utakufaa kuliko tiketi.

Ukiingia ukumbini utakuta muziki umeshaanza. Watu watakuwa bado wanatafuta viti vyao, na kinanda kitakuwa kinapiga sauti tatu nzito zinazoshuka, moja baada ya nyingine, kisha zinaanza upya. Ya kwanza inashikwa kwa mapigo manne, ya pili kwa mapigo sita, ya tatu kwa mapigo manane. Wanakwaya wataingia mmoja mmoja bila haraka, na wakianza kuimba, maneno yao yatakuwa hesabu ya mapigo hayo: moja mpaka nne, kisha moja mpaka sita, kisha moja mpaka nane, kwa Kiingereza. Mahali pengine huimba majina ya noti, do, re, mi na kuendelea. Hakuna fumbo lililofichwa nyuma ya nambari hizo. Wanachokiimba ndicho wanachokifanya, kama fundi wa kushona anayehesabu vishono vyake kwa sauti.

Wewe umefundisha watoto mizani. Unajua kwamba katika utenzi kila mshororo una mizani minane, kwamba ubeti una mishororo minne, na kwamba kina cha mwisho cha ubeti wa kwanza hurudi kilekile katika kila ubeti mpaka utenzi umalizike, hata uwe na beti elfu. Mwana Kupona alipomwandikia binti yake wosia ule wa mwaka 1858, hakuigusa mizani. Aliiacha ikae imara, na maneno ndiyo yakapita juu yake, mashauri baada ya mashauri. Katika kazi ya Glass mambo yamepinduliwa. Maneno hukaa, mizani ndiyo inayokwenda. Atakupa kifungu cha mapigo manne, akirudie mpaka sikio lako likizoee, kisha ataongeza pigo moja, kikawa cha matano, akirudie hicho, kisha atapunguza mawili. Mtu anayesubiri maneno mapya atasema hakuna kinachotokea. Mtu anayesikiliza mizani atatikisika kila pigo linapoongezwa, kama abiria wa jahazi anavyohisi upepo umegeuka kabla nahodha hajasema neno.

Jaribu kabla hujasafiri. Kaa barazani na mjukuu wa jirani, piga makofi manne kwa mfululizo, tena na tena, naye afuatane nawe. Ghafla, bila kumwambia, piga matano. Utaona uso wake. Huo uso ndio opera nzima, na nakuhakikishia kwamba ukiingia Ufaransa na zoezi hilo mkononi utakuwa mbele ya nusu ya watu watakaokuwa wamekaa karibu yako.

Niongeze kwamba mizani hii haikutoka mbali na sisi. Glass alipokuwa mwanafunzi Paris katika miaka ya 1960, alipewa kazi ya kuandika kwa noti za Kizungu muziki wa filamu uliotungwa na Ravi Shankar, mpiga sitari mkuu wa India, na humo ndimo alimojifunza kwamba mdundo mrefu unaweza kujengwa kwa vifungu vidogo vya mbili na tatu, kimoja kikiongezwa juu ya kingine. Masikio ya pwani yetu yamelelewa na tabla na nyimbo za India kwa vizazi kadhaa. Nilipolisoma jambo hilo, baada ya kurudi nyumbani, nilielewa kwa nini mguu wangu ulianza kugonga sakafu ya Barbican kabla akili yangu haijakubali.

Nisije nikaeleweka vibaya: sifananishi ibada na mchezo wa jukwaani. Usiku wa Maulidi katika msikiti wa Riyadha una niyyah yake na malipo yake, na opera ni sanaa ya watu. Nasema tu kwamba mwili uliozoea kukaa usiku mrefu huku matari yakipigwa na sauti zikirudi kwenye kiitikio kile kile umekwisha kupata subira ambayo kitu hiki kinaidai, na watazamaji wengi wa Ulaya hawakuipata.

Nitakueleza kilichonipata mimi. Saa ya kwanza niliitumia kusoma kijitabu cha programu kwa mwanga hafifu, nikitafuta jina la kila mtu aliyepita jukwaani na sababu ya kupita kwake. Wakati huo huo, kwenye sehemu ya gari la moshi, mwanamke mmoja alikuwa akienda mbele na kurudi nyuma kwenye mstari ule ule wa mshazari, kwa hatua za haraka, huku mkono wake mmoja ukifanya ishara ile ile kana kwamba anashika kitu hewani. Juu ya mnara mwembamba mtoto alikuwa akirusha ndege za karatasi, moja, kimya, kisha nyingine. Gari la moshi lenyewe lilikuwa likiingia taratibu mno kiasi kwamba sikuliona likitembea. Niliinua macho kutoka kwenye kijitabu na kukuta limeshafika mbele. Nilikasirika. Nilidhani nimepitwa na tukio, kumbe tukio lilikuwa ni huo mwendo wenyewe, nami ndiye niliyeacha kuutazama.

Jua lilipokuchwa nilitoka kwenda kuswali. Wakati huo walikuwa kwenye gari la moshi la usiku: mwanamume na mwanamke waliovaa mavazi ya heshima ya zamani, wamesimama nyuma ya behewa la mwisho wakiimbiana. Nilitafuta pembe tulivu nje ya ukumbi, nikaswali rakaa zangu tatu, nikanywa maji, nikarudi. Walikuwa bado wamesimama pale pale. Lakini sikio langu lilikuwa limepumzika, na kile ambacho kabla ya kutoka kilikuwa kelele moja ndefu, sasa nilikisikia kama nyuzi mbili, sauti ya mwanamke na ya mwanamume, zikisukwa kama ukili mikononi mwa msukaji: unadhani anarudia, kumbe mkeka unarefuka. Tangu hapo sikukifungua tena kile kijitabu.

Kwa hiyo, kuhusu sala yako, usiwe na wasiwasi. Watunzi wenyewe waliruhusu tangu mwaka 1976 watazamaji watoke na kuingia wapendavyo, kwa utulivu, na ndiyo maana hakuna mapumziko. Angalia mapema saa ya magharibi ya mji ule, kwani wakati wa kiangazi jua la Ulaya huchelewa sana kuchwa, na umwulize mmoja wa wahudumu wa mlangoni akuonyeshe mahali palipotulia. Kwa kuwa utakuwa msafiri, mwulize pia sheikh wako kabla hujaondoka Lamu juu ya kuchanganya magharibi na isha. Hayo ni ya wenye elimu, si yangu.

Kuhusu sukari, mwombe binti yako abadilishe kiti, ikiwezekana, upate cha ukingoni mwa safu, ili ukitoka usilazimike kupita juu ya magoti ya watu kumi. Kula mlo kamili kabla ya kuingia. Tia tende na kitu cha chumvi kwenye mkoba, na utoke ukumbini kila unapohisi haja ya kula. Daktari wako anapaswa kujua kwamba usiku huo mlo na dawa vitasogea, mwulize kabla ya safari. Chukua leso nzito au shali, maana majumba yale hupoa. Buibui lako ni vazi la heshima na hakuna atakayelishangaa. Siku hizi watu huingia opera na suruali za kawaida. Simu izime kabisa, wala usiiache imelala tu bila sauti, kwa sababu ya jambo nitakalolifikia sasa hivi.

Kusinzia si aibu. Niliyekaa naye kulia, bwana mtu mzima aliyeniambia alikwisha kuiona kazi hii mara nyingine, alilala robo saa, akaamka, akaendelea kutazama kwa uso wa mtu aliyekuwa macho wakati wote. Kuna sehemu ambazo hata mimi leo naziona zimevuka kipimo. Sehemu ya pili ya mahakama ni ndefu kuliko inavyohitaji, na maneno yanayosemwa humo kwa Kiingereza hujirudia bila kunipa raha ile ya mizani. Ikiwa utataka kutoka kunyoosha miguu, hapo ndipo.

Lakini usitoke kabisa karibu na mwisho, Mwalimu, kwani katika sehemu ya nne kuna jambo ambalo nadhani ndilo lililomshika binti yako, ingawa yeye mwenyewe ndiye atakayekuambia. Jukwaa litakuwa giza tupu. Hakuna mtu wala pambo, isipokuwa mstari mmoja mnene wa mwanga mweupe uliolala chini, ndicho kile kitanda cha mahakamani kilichobaki mwanga mtupu. Kinanda kitapiga peke yake, kisha mwanamke ataimba bila maneno yoyote. Na ule mstari, polepole, utaanza kuinuka upande mmoja. Utainuka mpaka usimame wima kama mlingoti, na ukishasimama utapaa juu, nao utachukua dakika nyingi kufanya hayo mawili tu. Nilikuwa nimekaa kati ya watu zaidi ya elfu moja na sikusikia hata mtu mmoja akikohoa. Mahali hapo mwigizaji ni taa, na anayeigiza kwa hakika ni fundi wa taa aliyekaa mahali asikoonekana. Wewe umeniandikia kwamba mtoto wako anasomea ufundi huo. Ndiyo maana nikasema simu izimwe: mwanga wa kioo cha simu katika giza lile ni kama mtu kupiga kelele katikati ya kasida.

Umeniuliza umwambie nini usipoipenda. Mwambie kweli, kwa upole, wala usimwambie usiku ule ule mkiwa mnatafuta usafiri. Mtoto aliyeikata tiketi hiyo kwa fedha ya mwanafunzi hakuwa akitafuta sifa. Alitaka macho yako yapite pale yalipopita yake. Ukimwambia "ilikuwa nzuri" na ukanyamaza, utakuwa umemfungia mlango kwa adabu. Lakini ukimwambia, "Mwanangu, mahakama ilinichosha, ila ule mwanga ulipoanza kuinuka, ulijuaje mtu anayeuinua ni nani, na anauinua kwa kitu gani?" basi mtakaa jikoni kwake mpaka alfajiri, naye atakueleza mambo ambayo hajawahi kukueleza kwenye simu. Ningependa sana kupata barua yako ya pili utakaporudi, na nafasi katika safu hii nitakuwekea.

Barua ya pili

Bwana mmoja wa Malindi, mpenzi wa taarab, ameniandikia baada ya kusikia kwamba nitaizungumzia opera hii. Anauliza, kwa maneno makali kidogo, kwa nini kitu kisicho na kisa wala wahusika kiitwe opera, na kama si kweli kwamba yeyote anaweza kutunga muziki unaorudiarudia.

Jibu

Ndugu yangu, neno opera katika Kitaliano maana yake ni kazi, basi. Sanaa hiyo ilianza Italia yapata mwaka 1600, na L'Orfeo ya Monteverdi, iliyoonyeshwa Mantua mwaka 1607, ni miongoni mwa zile za mwanzo ambazo bado zinachezwa leo. Tangu hapo kilichoifanya opera kuwa opera ni kukutana kwa wimbo, ala, dansi, mapambo na taa mahali pamoja, na kazi ya Glass na Wilson ina hivyo vyote, na kwa ukubwa ambao jumba dogo la maigizo lisingeweza kuupokea. Kisa kilikuwa kimoja cha vifaa vyake. Wao wamekiweka kando, kama vile fundi wa milango ya Lamu anavyoweza kuacha maua akachonga mistari mitupu, na bado ukaujua kuwa ni mlango wa Lamu.

Wala si wao waliozua urefu. Wagner, mtunzi wa Kijerumani, alikamilisha mfululizo wa opera nne zinazochezwa kwa siku nne, jumla ya saa kama 15, na ukaonyeshwa mzima kwa mara ya kwanza Bayreuth mwaka 1876, miaka mia moja kamili kabla ya Avignon. Stockhausen, Mjerumani mwingine, alitumia miaka kuanzia 1977 hadi 2003 kutunga opera saba, moja kwa kila siku ya wiki, zinazokaribia saa 29. Wilson mwenyewe, mwaka 1972, aliwahi kuongoza mchezo wa siku saba, mchana na usiku, juu ya mlima huko Shiraz, Iran, mji ambao jina lake sisi wa pwani tunalijua kutoka kwenye nasaba za wazee wetu.

Ama hilo la kwamba yeyote anaweza, nakuomba ufanye jaribio moja. Hesabu kwa sauti moja mpaka nne, moja mpaka sita, moja mpaka nane, kwa kasi ya mtu anayekimbia, huku mwenzako akihesabu mpangilio tofauti kando yako, na mfanye hivyo dakika kumi bila kosa na bila karatasi. Wanakwaya hufanya hivyo usiku mzima, wakiwa wamehifadhi kichwani kila pigo linaloongezwa na kila linalopunguzwa, na wengine huku wakitembea na kuonyesha ishara za mikono. Aliyewahi kusimama kwenye safu ya zefe anajua kwamba kurudia pamoja, watu wengi, bila mmoja kutangulia, ni kazi ngumu kuliko kuimba peke yako wimbo mpya. Usiipende ukitaka, ndugu yangu, una haki hiyo. Lakini usiseme ni rahisi.

Barua ya tatu

Kijana wa Shela anauliza aanzie wapi kuisikiliza ikiwa hana njia ya kusafiri.

Jibu

Kuna rekodi mbili kubwa za sauti, ya mwaka 1979 na ya mwaka 1993. Ile ya kwanza imefupishwa, inapungua saa tatu, na ina ukali wa vijana waliotoka kuifanya. Ya pili ni ndefu zaidi na imetulia. Mimi naipendelea ya kwanza. Maonyesho ya Théâtre du Châtelet, Paris, ya Januari 2014, yalirekodiwa kwa video, na ukiipata itazame usiku, taa za nyumbani zikiwa zimezimwa. Usisikilize kwa spika ya simu, kwa sababu zile sauti nzito za chini hazitasikika na utabaki na nambari peke yake. Tafuta vipokea sauti vya masikioni hata vya kuazima.

Nawe usianzie mwanzo. Anza na goti la tano, ambalo ndilo la mwisho na halizidi dakika kumi. Utasikia wanawake wawili wakisema nambari kwa sauti ya kawaida, kisha fidla, kisha sauti ya mwanamume ikisimulia habari ya wapenzi wawili walioketi juu ya benchi usiku, mmoja akimwuliza mwenzake anampenda kiasi gani. Hicho ndicho kitu kinachokaribia hadithi kuliko vyote katika opera nzima, na kimewekwa mwisho. Chini yake, ukitega sikio, kinanda kitakuwa kinapiga zile zile sauti tatu zinazoshuka ambazo Mwalimu wa Mkomani atazikuta zikimsubiri atakapokuwa anatafuta kiti chake: nne, sita, nane.